Fundi wa Masafa Anajibu: redio ndogo, simu ndogo, bando dogo

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa mafundi mitambo na watangazaji wa redio ndogo, na mbili tatu kwa wasikilizaji. Swali ni lilelile kwa sura tofauti: redio iingieje kwenye simu bila kumpoteza mtu mwenye redio ya betri? Maswali marefu tumeyafupisha.

Tumeanza kurusha matangazo mtandaoni kutoka kwenye kompyuta ya studio, MP3 ya kilobiti 128. Wasikilizaji wakifika 15 hivi, sauti inakatakata, na wengine wanalalamika tunawamalizia bando. Tulipie intaneti yenye kasi zaidi?
*Fundi mitambo, redio jamii, kanda ya Ziwa*

Msilipie kitu kabla ya hesabu. Kwenye FM wasikilizaji wote hunywa kisima kimoja. Mtandaoni kila mtu huchotewa ndoo yake. Kilobiti 128 mara watu 15 ni kilobiti 1,920 kwa sekunde, karibu megabiti 2, na zote zinatoka studio kwenda nje. Vifurushi vingi vina kasi nzuri ya kushusha na kasi hafifu ya kupandisha, na hapo ndipo mlipokwama.

Kodini seva ndogo nje ya studio, muweke Icecast, programu ya bure inayomgawia kila msikilizaji mkondo wake. Asiyezoea kuandika amri za kompyuta aweke AzuraCast: ndani yake mna Icecast hiyohiyo pamoja na ukurasa wa kuisimamia kwa kubofya. Kompyuta ya studio ibaki na kazi ya kutuma tu, na kwa hilo BUTT inatosha. Ni programu nyepesi isiyohitaji mashine mpya.

Sasa bando. Kilobiti 128 humla msikilizaji MB 57.6 kwa saa, 64 ni MB 28.8, na 48 ni MB 21.6. Kwa kilobiti 48, MP3 hutoa sauti ya mtu aliyeingia ndani ya pipa, lakini AAC+, aina nyingine ya kubana sauti, husikika vizuri kwa kiwango hichohicho. Kasoro ya AAC+ ni kwamba simu na programu chache za zamani haziifungui. Kwa hiyo tumeni mikondo miwili: AAC+ ya 48 iwe ndiyo mnayoitangaza, na MP3 ya 64 iwe ya akiba. Hiyo MP3 iwe ya mono, maana ukiifanya stereo unagawa biti chache kwa mifereji miwili. Jumla ni kilobiti 112 za kupandisha. Hakikisheni laini ina angalau mara tatu ya hizo, tena saa za jioni mtandao unapokuwa na msongamano, si saa nne asubuhi. Kwa siku 30 bila kuzima ni takriban GB 36. Mhasibu aambiwe mapema.

Makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kuchukua sauti baada ya prosesa ya FM, kile chombo kinachoiandaa sauti kabla ya kuingia kwenye mtambo. Prosesa hiyo huzipandisha kwa makusudi sauti kali za juu, kwa sababu redio ya msikilizaji itazishusha tena. Simu inayosikiliza mtandaoni haizishushi, ndiyo maana herufi "s" inachoma masikio. Chukueni sauti moja kwa moja kwenye miksa, muipitishe kwenye kidhibiti chepesi, na mlenge LUFS −16 (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), vilele visivuke dB −1.

La pili ni kusahau sauti ya akiba. Umeme ukikatika studio, Icecast inaweza kuwahamishia wasikilizaji kwenye faili la muziki au tangazo badala ya kuwatupa nje. Faili hilo liwe la aina ileile na kiwango kilekile cha biti na mkondo wenyewe, la sivyo simu nyingi zitanyamaza. Na kipengele cha fallback-override kiwashwe. Msipokiwasha, studio itarudi hewani huku wasikilizaji wakiendelea kuzungushiwa wimbo wa akiba mpaka wachoke.

Kwa walioko Tanzania: leseni ya FM peke yake huenda isiwatoshe. Maudhui ya mtandaoni yana kanuni zake tangu 2018, zikaandikwa upya 2020. Ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kuitangaza linki.

Ramadhani nilikuwa nasikiliza adhana ya Magharibi kwa redio ya betri, kijana wangu kwa simu, redio ileile. Ya kwake ilichelewa karibu nusu dakika. Simu yake mbovu?
*Mama, Unguja*

Simu nzima, mama. Sauti ya mtandaoni hubanwa kwanza, ikapelekwa kwenye seva, kisha simu huiweka akiba kidogo kabla ya kuicheza ili mtandao ukiyumba isikate. Icecast isiporekebishwa humpa kila anayefungua shehena ya baiti 65,536 kwa mkupuo. Kwenye mkondo wa kilobiti 64 hizo ni sekunde 8. Kwenye kilobiti 32 ni sekunde 16. Yaani kadiri mkondo unavyobana bando, ndivyo unavyochelewa. Hapo hujahesabu akiba ya simu yenyewe.

Kwenye kufuturu nusu dakika haina neno. Kwenye daku ina neno: anayengoja adhana ya Alfajiri kwa simu ndipo aache kula atakuwa amepitiliza. Afuate redio ya FM au saa yake.

Watangazaji nanyi, hii inawahusu. Shindano la "wa kwanza kupiga simu" humnyima mtu wa mtandaoni nafasi kabisa. Toeni dakika tano za kupiga au kutuma jibu, kisha mchague kwa kura.

Kadi za salamu zimekwisha. Sasa tunapokea sauti za WhatsApp 200 kwa siku: ndefu, zenye upepo, nusu hazifai. Tufanyeje?
*Mtayarishaji vipindi, Pwani ya Kenya*

Kadi ya salamu ilikuwa na nidhamu ya ukubwa wake: jina, mahali, majina machache, ujumbe, karatasi imejaa. Sauti ya WhatsApp haina ukingo, kwa hiyo ukingo uwekeni nyinyi, hewani, kwa maneno yaleyale kila siku: "Taja jina, taja mahali, sema jambo moja, sekunde 30, usirekodi ukiwa kwenye pikipiki." Hata hivyo, sauti 200 za nusu dakika ni dakika 100 za kusikiliza. Haziwezi kusikilizwa na mtangazaji aliye hewani. Awepo mtu wa kazi hiyo kabla ya kipindi, na azisikilize mpaka mwisho, maana tusi hupachikwa sekunde za mwisho makusudi.

Laini iwe ya redio, isiwe ya mtangazaji. Watangazaji huhama, na laini ikihama nao imehama na wasikilizaji. Tumieni WhatsApp Business, ambayo ina lebo: "imesikilizwa", "iende hewani", "ifuatiliwe". Hiyo ya mwisho ndiyo yenye mali. Bomba lililopasuka na wanakijiji watano wanalitaja kwa siku moja ni habari, si salamu.

Faili la WhatsApp ni Opus ndani ya ogg, na programu nyingi za kurushia vipindi hazilisomi. Ligeuzeni kuwa WAV kwa programu ya Audacity au ffmpeg. Kata nusu sekunde ya mwanzo, pale kidole kinapogusa simu. Ondoa masafa yaliyo chini ya hezi 100 kupunguza upepo. Kisha ilinganishe sauti na ya mtangazaji. Kusafisha kelele kwa programu kufanywe kwa mkono mwepesi, la sivyo msemaji atasikika kama yumo ndani ya maji. Na kuiweka simu mbele ya maikrofoni ni uvivu. Kila msikilizaji anautambua.

Kwa kupeleka matangazo kwa wasikilizaji, msitegemee orodha ya kutuma kwa wengi: huishia watu 256, na huwafikia tu waliohifadhi namba yenu. Kundi nalo huwaonyesha watu namba za wenzao, na kina dada huanza kusumbuliwa siku hiyohiyo. Fungueni chaneli ya WhatsApp. Humo wafuasi hawaonani namba.

Asiye na bando msimsahau. Laini mbili za kubipu, moja ya "ndiyo" na nyingine ya "hapana", zinatosha kupiga kura hewani, na msikilizaji hakatwi hata senti. Farm Radio International imetumia mbinu hii na redio za vijijini Afrika. Sharti moja: simu zikatike bila kupokelewa. Akitokea mtu akapokea, salio la mkulima limekwenda.

Tukichomeka laptopu kwenye miksa tunapata mngurumo mzito. Tumebadilisha waya mara tatu.
*Mtangazaji, Kigoma*

Chomoa chaja, iache laptopu iende kwa betri. Mngurumo ukiisha hapo, waya hazina kosa. Laptopu na miksa zimefungwa ardhini kwa njia mbili tofauti, njia hizo zimefanya kitanzi, na kitanzi kinabeba mlio wa hezi 50 wa umeme wa nyumba. Anza na bure: chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Usipokwisha, weka kati yao kisanduku cha DI cha stereo chenye transfoma za 1:1, ambacho hupitisha sauti bila kuziunganisha ardhi. Kadi ya sauti ya USB pekee haiponyi, kwa sababu waya wa USB nao umebeba ardhi.

Usikate pini ya ardhi ya chaja wala ya miksa. Mngurumo utaisha, na pamoja nao utaisha ulinzi wenu, nyinyi mnaofanya kazi chini ya mlingoti unaopigwa na radi.

Mlio ukiendelea hata kwenye betri, sikiliza unafananaje. Ukiwa mwembamba kama wa nzi, na ukapungua unaposhusha nguvu ya mtambo, ni mawimbi ya mtambo wenyewe yanaingia kwenye waya. Zungusha waya wa sauti mara tano hadi saba kwenye pete ya feraiti, karibu kabisa na miksa.

Kwa nini simu yangu inakataa kufungua redio bila eafoni, na eafoni za bluetooth haizitaki?
*Msikilizaji, Morogoro*

Waya wa eafoni ndio antena. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, na robo yake, sentimita 75, ndiyo antena nzuri. Waya wa eafoni unakaribia hapo. Bluetooth haina waya. Nunua eafoni za bei ya chini kabisa, zichomeke, kisha chagua spika ndani ya programu ya redio. Ukisikia mkwaruzo wakati simu inachaji, mkosaji ni chaja. Simu nyingi mpya hazina kipokezi cha FM kabisa; hizo hazina dawa.

Norway ilizima FM mwaka 2017. Mkurugenzi anauliza kwa nini tukarabati mtambo wetu badala ya kuhamia mtandaoni moja kwa moja.
*Meneja wa kituo, Nyanda za Juu Kusini*

Mwambie mkurugenzi kwamba Norway haikuhamia mtandaoni. Vituo vya kitaifa vilihamia DAB+, redio ya kidijitali ambayo bado ni mlingoti na mawimbi ya hewani, na redio nyingi za mitaa zilibaki kwenye FM. Mtambo wa wati 500 unakula umeme uleule, asikilize mtu mmoja au watu 10,000. Watu 10,000 mtandaoni kwa kilobiti 48 ni megabiti 480 kwa sekunde, na ankara ya seva ina jina la mkurugenzi.

Kwenye huo ukarabati, msikimbilie wati. Kutoka 500 kwenda 1,000 mnapata dB 3 tu, ongezeko dogo kwa msikilizaji. Kimo kina faida zaidi: kwenye ardhi tambarare, antena ya mita 30 inaona kilomita 23 hivi, ya mita 60 inaona 32. Kabla ya yote pimeni SWR, kipimo kinachoonyesha nguvu inayokataliwa na antena. Ikiwa 2, asilimia 11 ya nguvu inarudi kwenye mtambo na kuupasha moto. Mara nyingi ni maji kwenye kiungio cha waya wa antena, na mvua za masika zikianza hali inakuwa mbaya zaidi. Kiungio kipya na utepe wa kuziba maji ni bei ya chakula cha mchana ukilinganisha na mtambo.

Tumeagizwa kila kipindi kiwekwe mtandaoni kama podikasti. Tuanzie wapi?
*Mhariri wa sauti, Mwanza*

Anzeni kwa kukataa neno "kila". Bei za mahindi za Jumanne zimekufa Alhamisi, na taarifa ya habari vivyo hivyo. Chukueni kile mtu atakachokitafuta baada ya miezi sita.

Kipindi cha kilimo cha saa nzima ukikitoa matangazo, salamu, kutaja saa na nyimbo hubaki dakika 18 hivi. Nyimbo ni lazima zitoke: ruhusa ya kuupiga wimbo hewani si ruhusa ya kuuacha mtu aupakue. Rekodini utangulizi mpya wa sentensi mbili, maana "habari za asubuhi" haina maana kwa anayesikiliza usiku. Hifadhini kwa MP3 ya mono, kilobiti 64. Dakika 18 zitakuwa MB 8.6, faili linalotumika WhatsApp bila kusumbua. Kichwa kiwe tatizo lenyewe: "Viwavijeshi kwenye mahindi machanga", si "Kilimo Chetu, sehemu ya 41". Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili kompyuta izipange zenyewe. Na kipindi kinachotaja dawa ya kupulizia kipewe tarehe ya kupitiwa upya na bwana shamba, au kiondolewe.