Barua kwa mwanangu: rupia za bibi yako na bei ya fedha

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tabora. Sisi hatujambo, na miembe imeanza kuzaa. Umeniuliza kama sonara wa Kariakoo amekupa bei ya haki: sarafu zote za marehemu bibi yako zipimwe pamoja, kisha alipe bei moja kwa kila gramu. Usikubali.

Mkebe ule una sarafu za namna mbili, na fedha iliyomo ndani yake hailingani hata kidogo. Rupia za Wajerumani, zenye sura ya Kaiser Wilhelm aliyevaa kofia ya kijeshi, zilitoka kiwandani na uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 917 ni fedha. Iliyobaki ni shaba. Rupia za India zenye sura ya Malkia Victoria ni za kipimo hicho hicho. Shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, za kati ya 1921 na 1946, ni robo tu fedha. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, kwa hiyo soma mwaka kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa weka rupia nne upande mmoja wa mizani na shilingi sita za zamani upande wa pili. Zitalingana, gramu 46.7 kila upande. Ila rupia zimebeba gramu 42.8 za fedha, na shilingi gramu 11.7 basi! Mkebe wa bibi yako una rupia nyingi kuliko shilingi, na bei moja kwa mchanganyiko huo inamfaa mnunuzi, haikufai wewe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bei ya fedha kwenye soko la dunia hutajwa kwa dola kwa aunsi, na aunsi ya madini ya thamani ni gramu 31.1, siyo 28.35 kama ile ya vyakula. Gawanya bei kwa 31.1, kisha zidisha kwa thamani ya dola siku hiyo. Hapo umepata bei ya gramu moja ya fedha safi. Tuseme, kwa mfano tu, imetoka shilingi 3,000. Rupia isiyolika ina gramu 10.69 za fedha, kwa hiyo ni kama 32,000. Shilingi ya simba ina gramu 1.94, haifiki hata 6,000. Nyingi zimelika kwa kupita mikononi mwa watu, hivyo pima kila moja na utumie uzito unaouona, usitumie wa kitabuni. Ikinaswa na sumaku, itenge; fedha na shaba hazinaswi.

Sonara atakata chake, maana ana gharama ya kuyeyusha na kusafisha, na yeye pia anatafuta riziki. Hilo ni haki yake. Akutajie tu anakata kiasi gani, kwa rupia peke yake na kwa shilingi peke yake.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Bei ya kuyeyusha ndiyo ya chini kabisa. Ukikuta sarafu ya rupia mbili ya 1893 au 1894, usiipeleke kwenye moto kamwe, kwa sababu wakusanyaji huitafuta sana. Na zile sarafu za Wajerumani za hela 20, za mwaka 1916 zenye herufi T, zilipigwa hapa hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati wa vita. Ni shaba tu, sonara atazitupa pembeni, lakini wakusanyaji hulipa pesa nzuri kwa kipande kama hicho. Usizisugue kwa majivu wala ndimu. Sarafu iliyong'arishwa huwapungukia thamani.

Zitenge leo, piga picha pande zote mbili, andika uzito wa kila moja, unitumie kabla hujarudi kwa sonara.

Baba yako,
Tabora