Je, Kuna Haja ya Kurudi Kwenye Kongamano Dogo la Riwaya za Kisayansi?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Leeds, Uingereza. Nilijichapishia kwa Kiingereza riwaya ya kisayansi kuhusu wavuvi wa Tanga wa karne ijayo, nikakodi meza kwenye kongamano dogo la wapenzi wa riwaya hizo lililofanyika hotelini mwishoni mwa juma. Nilipokewa vizuri, lakini nakala nilizouza hazikurudisha hata kodi ya meza. Bwana mmoja alisoma jalada la nyuma lote, akauliza kama kitabu kina mwendelezo. Nilipojibu kuwa bado sijaamua, alikirudisha mezani, akaondoka. Je, nirudi mwaka huu?
Msomaji, Leeds

JIBU: Dada yangu, pole kwa hasara hiyo, na hongera kwa kitabu. Rudi, ila usirudi kama muuzaji tu. Makongamano haya hayakuanzishwa na wafanyabiashara. Hapo hapo Leeds, Januari 1937, kikundi kidogo cha wapenzi wa hadithi za kisayansi, akiwamo Arthur C. Clarke, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya hizo, alipokuwa bado kijana, kilifanya mkutano unaohesabiwa kuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa ya aina hiyo duniani. Mpaka leo makongamano madogo huendeshwa na watu wanaojitolea, na wanaolipa kiingilio huitwa wanachama. Hao huja kuzungumza kwanza, na kununua baadaye.

Yule bwana alikuwa mnunuzi. Wasomaji wa riwaya hizi wamezoea kufuata ulimwengu mmoja katika vitabu kadhaa, na wengi wameshaachwa njiani na mwandishi aliyekatisha mfululizo. Alitaka uhakika. Ikiwa kisa chako kinakamilika katika kitabu hicho kimoja, sema hivyo bila kusita, na uandike maneno hayo kwenye kadi utakayoisimamisha mezani, kwa maana wako wanaotaka kujua jambo hilo lakini huona haya kuuliza.

Kuhusu meza yenyewe sina mengi: changia na mwandishi mwenzako ili mgawane kodi, uwe na mashine ya kupokelea malipo ya kadi, na usifungashe vitabu mapema siku ya mwisho, kwa kuwa wapo wanaozunguka kwanza meza zote ndipo waamue.

Kwa maoni yangu, jambo lenye uzito zaidi ni kuketi kwenye jopo, yaani kuwa mmoja wa wazungumzaji wanaojadili mada mbele ya wasikilizaji. Waandikie wanaopanga ratiba, uwaeleze unachoweza kuzungumzia, nawe unacho. Samaki aina ya silikanti alidhaniwa kuwa alitoweka pamoja na dinosaria, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu 2003 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa katika nyavu zao, na leo pwani hiyo ina hifadhi ya bahari yenye jina lake. Mtu anayeweza kusimulia hayo, akaeleza pia jinsi kaskazi na kusi zinavyopanga maisha ya mvuvi, anahitajika sana katika mjadala wowote kuhusu mustakabali wa bahari. Wasikilizaji waliovutiwa watakufuata wenyewe hadi mezani, wakiwa tayari na maswali kuhusu kitabu.

Ratiba za vikao hupangwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo barua hiyo iandike juma hili, uambatanishe muhtasari wa riwaya usiozidi ukurasa mmoja.