Jibu: Baba alikuwa fundi tu, niandike nini cha kusomwa kwenye hitima?

Pole sana dada yangu, wewe na wote mliofikwa na msiba huu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee na amnawirishie kaburi lake.

Nimeielewa shida yako. Ndugu zako wamekutwika kazi ya kuandika karatasi mbili za maisha ya baba yenu, zisomwe siku ya hitima. Mzee alikuwa fundi wa milango hapo Mjini Unguja, hakuikosa sala ya jamaa msikitini, mtu wa nyumbani kwake, na akipata nafasi anakwenda zake shamba au pwani. Kila ukiandika unajikuta umetoka na "alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, mpenda familia", maneno anayosomewa kila maiti. Mimi nilipewa kazi hiyohiyo alipofariki ami yangu aliyenilea, huku Pemba, upande wa Wete. Yeye alikuwa fundi wa vyombo vya baharini. Nakueleza nilivyofanya, utachukua litakalokufaa.

Sifa niliziacha zote, nikaanza na kazi yake. Na kwa kazi yake sikuuliza jamaa, nilikwenda bandani kwa vijana aliowafundisha. Wao ndio walionambia mambo ambayo sisi wa nyumbani tuliyaona miaka yote bila ya kuyajua. Kwamba ami hakuwa na ramani, hata ya kuchora mchangani: akishalaza mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, na kusimamisha mti wa omo mbele na wa tezi nyuma, umbo zima analo machoni, na vipimo vyake ni uzi, shibiri na dhiraa. Kwamba mataruma, yaani mbavu za chombo, hakuyapinda, bali aliyatafuta yakiwa yameshapinda tangu mtini. Alikuwa akipita mashambani anayatizama matawi ya miembe na mitondoo kama fundi cherehani anavyotizama mabega ya watu. Akiona tawi lenye kombo aitakayo hupiga hodi kwa mwenye mti wakapatana bei, na pengine tawi likabaki hukohuko juu mpaka apatikane mtu anayetaka kuundiwa chombo cha kulivaa taruma hilo.

Walinieleza na kalafati. Unaijua sauti yake ukipita pwani: pamba iliyolowa mafuta inasukumwa kwa patasi butu ndani ya maungio ya mbao. Kazi hiyo aliwaachia wanafunzi, naye huku anaranda mbao nyengine amewapa mgongo. Pamba isipokaa sawa mlio wa nyundo huwa mwengine, na palepale utamsikia: "Rudi nyuma hapo." Hageuki. Baada ya hapo tumbo la chombo linapakwa deheni ya chokaa na shahamu ili wadudu wa baharini wasile mbao, halafu linangojwa bamvua, maji makuu, la kukishulia. Siku hiyo pwani pana ubani na dua, watu wa mtaa mzima wanasukuma, na sinia la wali linakuja baadaye.

Hapa ndipo nilipopata kisa ambacho watu bado wananikumbusha. Mbao yenye ufa inaweza kuzibwa kwa gundi na unga wa msumeno, ikapigwa randa na rangi, mwenye chombo asijue kitu mpaka upepo wa kaskazi umkute katikati ya Mkondo wa Pemba. Mtu mmoja alitaka mashua yake imalizwe upesi na akasema mbao kama hiyo itiwe tu, yeye ameridhika. Ami akamjibu kuwa atakayepanda si yeye, ni watoto wa watu, akamrudishia kianzio chake chote. Wakati huo nyumbani tulikuwa tunakula muhogo na dagaa siku nenda siku rudi, na mkewe alinuna wiki nzima. Kisa hicho nilikiandika pamoja na kununa kwake, na mwenyewe alicheka kiliposomwa. Neno "muaminifu" sikuliandika popote.

Kwa baba yako nenda kwa wanafunzi wake ukaulize hivyohivyo. Alikuwa akiupenda msaji au mfenesi? Mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, aliuchonga mwenyewe au aliwaachia? Nakshi aliichora kwanza kwa penseli, au patasi ilikuwa inaijua njia? Na zungukia milango yake yenyewe. Tizama vizingiti vya juu, pengine utakuta aya na mwaka wa Hijria umechongwa, na hapo utakuwa umepata tarehe za maisha yake bila ya kutafuta makaratasi.

Kwenye dini ndiko watu wanakojaza maneno makubwa kuliko kote. Mimi niliandika kuwa ami ndiye aliyekuwa akifungua msikiti alfajiri, kwa tochi, na maji yakikatika akichota kisimani kujaza hodhi kabla watu hawajafika. Niliandika kuwa adhana ikimkuta na tezo yake ya kuchongea juu ya gogo anaiweka palepale, haongezi pigo moja. Na jeneza la msikiti wetu alilitengeneza yeye kwa vipande vya msaji vilivyobaki kazini, hakutaka malipo, na ndilo tulilomchukulia yeye mwenyewe hadi mavani. Ramadhani alikuwa hafuturu ndani. Masinia ya kila nyumba yanatoka barazani, mbaazi, ndizi mbichi za nazi, muhogo, na mpita njia yeyote anakamatwa mkono akaketishwa.

Sadaka zake za siri ni mas-ala mengine. Msibani walijitokeza watu kusema aliwafanyia hiki na hiki. Mimi nilizinyamazia, kwa sababu aliyeficha alikuwa na makusudio yake, na anayepokea naye ana uso wake mbele za watu. Hapo nakushauri utie breki khasa.

Nyumbani. Usiandike "alimpenda mkewe", andika alichofanya. Ami mkewe alipojifungua alikuwa akipika yeye, tena vibaya, na sote tulikula. Jioni akikagua madaftari ya skuli ilhali mwenyewe herufi za Kilatini akizisoma kwa taabu: akihesabu alama za vyema na za makosa, basi. Watoto wa kike aliwapa zamu ya kujifunza randa kama sisi. Na aibu zake ndogo zitie, mtu asiye na hata moja msikilizaji hamtambui. Wetu alikuwa haazimi mtu tezo yake, hata kakake wa tumbo moja, na akikasirishwa alinyamaza siku mbili nyumba nzima ikamsusa.

Sasa hayo ya shamba na pwani, ambayo umesema unaona haya kuyatia kwa kuwa ni mambo ya kupumzika tu. Yatie! Kwetu watoto ndiyo yaliyobaki zaidi kuliko yote. Alitupeleka Msitu wa Ngezi kutuonesha mipapindi, mti usioota porini ila kwetu Pemba, na Kidike kutizama popo wale wakubwa wakining'inia mchana mitini. Popo hao karibu watoweke kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, mpaka wanavijiji wenyewe walipoanza kuwalinda. Ami alikiri kuwa ujanani aliwahi kuwala, akatukataza sisi tusiwarushie hata kijiwe. Alikuwa akihesabu miongo tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Kiswahili, siku kumi kumi, ndivyo alivyojua lini bahari itatulia na lini mpunga uingie ardhini. Usiku anatutoa uani kutuonesha nyota za Kilimia na kutusomesha: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tulipokwenda Misali, kisiwa ambacho tangu 1998 ni eneo la hifadhi, alitusimulia habari za Nabii Khidhri kusali pale. Halafu akatukokotesha mashua mchangani hadi mikono ikachubuka, maana kwake matembezi bila ya kazi hayakuwa matembezi.

Mambo mawili matatu ya kutenda kabla ya siku yenyewe. Madeni yatangulie karatasi. Najua mavani mlishatangaza anayemdai ajitokeze kwa warithi, lakini fundi huwa ameshachukua vianzio vya kazi ambazo hakuzimaliza. Tafuta daftari lake mulipitie. Ami aliacha mashua nusu, na wanafunzi wake waliimaliza ndipo urithi ukagawiwa.

Pili, mpelekee imamu wenu asome mapema. Wapo wasiopenda wasifu usomwe kwenye hitima, na mabishano siku hiyo hayafai. Sisi tulielekezwa tumalize kisomo na dua kwanza, ndipo nikasoma. Soma kwa dakika tano hivi, kwani masinia yanangoja na watu wana njaa, huo ndio ukweli. Mengine yote uliyokusanya yaandike daftarini kwa ajili ya wajukuu.

Na mama yenu yumo edani, miezi minne na siku kumi, anakaa nyumbani na wageni wanapungua kila siku. Usimuulize "baba alikuwa mtu wa namna gani", atalia tu. Muulize vitu vidogo: siku ya kwanza alikuja na nguo gani, chai akiitaka na tangawizi au hapana, mlango upi ulimkosesha usingizi. Mimi nilikaa na mke wa ami namna hiyo huku tukimenya mbaazi, na nusu ya niliyoyasoma yalitoka kwake.

Ukipata picha za milango yake zitie hapa hapa kwenye uzi huu wa mazungumzo. Mimi nina jamaa mitaa ya Malindi na Mkunazini hapo Mjini, wakiutambua hata mmoja nitakwambia.