Bangi Haiuzishi Bangili za Mke

"Shangazi, nina miaka 29, naishi Makorora, Tanga. Nina digrii ya kompyuta na nataka kuomba kazi Usalama wa Taifa. Nilipokuwa chuoni nilivuta bangi mara mbili tatu tu, kwa kufuata mkumbo. Mke wangu anasema wapekuzi wakija kumuuliza hatawadanganya. Ana kinyongo tangu nilipouza bangili zake mwaka juzi kwa shida ndogo. Hata nilipokaa Dar kwa dada miezi minane, nikienda hospitali kila asubuhi kunywa dawa ya tumbo, hakuja kuniona. Nimfanyeje mwanamke huyu? – Mzalendo"

Mzalendo, pole kwa kukosa usingizi. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mwanangu, bangi haiuzishi bangili. Msokoto mtu huchangiwa kijiweni na wenzake. Kinachomfungulisha mwanamume kabati la mkewe usiku akatoka na dhahabu ni kete ya unga, heroini. Na hiyo dawa ya tumbo! Mimi vidonda vya tumbo ninavyo tangu ujana, na sijawahi kuambiwa niende kila asubuhi ninywe dawa mbele ya muuguzi. Dawa inayonywewa hivyo ni methadoni, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na wanaoifuata ni wanaoacha unga. Sikucheki. Kijana anayeamka alfajiri miezi minane kuikimbia arosto, mateso ya kukosa unga, ningempigia vigelegele. Lakini wewe umeniletea tumbo.

Sasa, ikiwa mimi nimekugundua kwa barua fupi hivi, hao ambao kugundua ndiyo kazi yao utawaficha nini? Upekuzi hauishii kwenye fomu. Mtu anakuja mtaani, anakaa kibarazani na kahawa yake na kashata, anauliza habari za kijana wa nyumba ile. Ataulizwa mjumbe, ataulizwa mwenye duka. Na Makorora ninayoijua mimi, hata asiyeulizwa atajibu. Tena shushushu mtarajiwa umeniandikia umri, mtaa, digrii na kazi unayoitaka. Haya.

Wenzetu Marekani masharti yao wameyaweka wazi. FBI, wapelelezi wa serikali yao, mwaka 2021 walipunguza muda wa kukaa mbali na bangi kabla ya kuomba kazi, kutoka miaka 3 hadi 1. Dawa nyingine haramu wanataka miaka 10. Lakini anayewadanganya kwa makusudi kuhusu historia yake ya dawa, huyo hawamtaki, hata kama bangi yenyewe ingesameheka. Sheria zao si zetu, ila sababu ni moja. Siri yako ni kamba shingoni. Aliyekuuzia kete akijua umeajiriwa wapi na umeficha nini, ataishika ncha ya pili, na siku akitaka faili atavuta.

Nije kwa mke, maana ndiye uliyemleta kwangu umshtaki. Bangili zile hukusema ulimnunulia wewe, na mwanamume akinunua dhahabu husema. Kwa hiyo ni za kwao. Ukauza, akanyamaza. Ukaenda Dar miezi minane, kodi ya nyumba alilipa nani? Nauli ya kuja kukutazama angeitoa wapi, kwenye kabati ulilolimaliza? Na hadi leo hajakutangaza mtaani, kwa sababu angekutangaza usingekuwa na la kuficha. Alichokataa ni kimoja tu, kukusemea uongo mbele ya serikali. Nami nipo upande wake.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Mnashona sare, mnapiga picha Raskazone, simu zinajaa mioyo, halafu mke akisema ukweli ndani ya chumba anaitwa adui. Wanawake nao wamo, wapo wanaomficha mume madeni ya vikoba mpaka makochi yanabebwa mchana kweupe. Kungwi wangu, Mungu amrehemu, aliniambia: mfichie mumeo njaa yake, usimfichie wizi wake. Sisi tulifundwa. Nyinyi mnafundwa na nani?

Basi fanya hivi. Fomu ukiijaza, andika unga, andika mwaka ulioanza na siku uliyoacha, andika ulikotibiwa. Wakikukataa, wamekukataa wewe mwenyewe, si mtu wa kubuni, na kompyuta zinahitaji mafundi hadi bandarini. Kama dawa bado unakunywa, ole wako uikate kimyakimya ili mkojo uonekane safi. Daktari ndiye anayeipunguza, polepole. Mwili ulioachishwa haubebi tena kipimo cha zamani, na wengi waliorudia kete baada ya mapumziko ndipo walipofia.

Ila kabla ya fomu, kaa na mkeo usiku watoto wakilala. Usianze na habari za kazi. Muulize bangili zilikuwa ngapi na zilikuwa na uzito gani, maana hilo nalo hukuliandika. Halafu nenda kwa sonara ukaulize bei ya leo, ukae.