Nachora, nasifiwa, silipwi

SWALI: Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Ngamiani, Tanga. Nilijifunza kuchora mwenyewe, kwa penseli na sasa akriliki. Nachora zaidi wasanii wa Bongo Fleva na wachezaji wa Simba na Yanga, naposti Instagram. Sifa napata nyingi, oda sipati. Wanaoniagiza ni ndugu, nao wananiambia "nikipata nitakulipa." Juzi mtu anayesema yuko Marekani ameniandikia anataka picha 5. Hakuuliza bei wala ukubwa. Anasema atatuma hundi yenye pesa zaidi, kiasi kinachozidi nimtumie msafirishaji wake. Nianzie wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo wa Marekani, maana huenda anasubiri jibu. Achana naye. Ni utapeli wa zamani unaowawinda wachoraji dunia nzima. Wewe, ukiamini hundi ni nzuri, unamtumia "msafirishaji" hela zako halisi, siku kadhaa baadaye benki inagundua hundi ni feki, na deni linabaki kwako. Mnunuzi wa kweli huuliza ukubwa wa picha, halafu huomba apunguziwe.

Sasa kazi. Picha mbili ulizoambatanisha nimeziona, na mkono unao. Shida ni kwamba unachora kitu ambacho anayekipenda hana desturi ya kukinunua. Shabiki wa Simba hununua jezi. Sura ya mchezaji ataibonyezea moyo na kuendelea na safari yake. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 na rangi ya baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, lakini kazi zake zilikwenda kuuzwa Oysterbay, Dar es Salaam, nje ya duka la Morogoro Stores, walikopita wageni wenye fedha. Wewe nawe tafuta watu ambao tayari wana fungu la kulipa wachoraji. Kwa Tanga, mimi ningeanza na shule za chekechea.

Kuta za shule hizi ndizo zilizonilea hapa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala mpaka Tegeta. Shule binafsi hugombania watoto wa Januari, na mzazi akiingia getini huona ukuta kabla hajauliza ada. Kwa hiyo fedha ya rangi hutoka Novemba na Desemba. Ukienda Februari utapewa soda na ahadi. Tena usiende kuuliza kama wanahitaji mchoraji, maana jibu ni hapana. Omba ruhusa upige picha ukuta wao, rudi nyumbani uuchore kwenye karatasi ukiwa na herufi, tarakimu na wanyama, kisha uende nao kwa mmiliki. Mwalimu mkuu atakusifu tu. Pochi anayo mmiliki. Akitaka Mickey Mouse, mkatalie kwa adabu: yule ana wenyewe, na kila shule inaye. Mpe pweza, ngalawa, machungwa ya Muheza.

Kuta za pwani zina mambo yake. Unyevu na chumvi hupanda kutoka chini na kubandua rangi, kwa hiyo kagua futi mbili za chini kabla hujataja bei. Pakivimba, kwangua, piga msasa, na umwandikie mwenye shule kwamba eneo lile linahitaji fundi ujenzi kwanza. La sivyo baada ya mvua za masika utalaumiwa wewe. Akriliki zako za vikopo ziache nyumbani. Ukutani tumia rangi ya maji ya nje, ya ndoo, na mteja ainunue mwenyewe kwa orodha utakayompa, ili ujira wako usimezwe na duka la rangi.

Ujira hesabu kwa siku. Tuseme unataka shilingi 30,000 kwa siku na ukuta utakula siku 6: ongeza siku moja ya mvua za vuli, taja 210,000. Nusu iingie kabla brashi haijagusa ukuta. Kisha tuma ujumbe mmoja wa WhatsApp wenye ukubwa wa ukuta, michoro gani, marekebisho mangapi, kazi inaisha lini na nusu ya pili inalipwa lini. Akijibu "sawa," una mkataba wa kuanzia.

Instagram usiifute. Weka ukuta kabla na baada, taja mtaa, andika namba ya simu ya kazi. Hao wachezaji wachore Jumapili.

Kuhusu ndugu, wapunguzie bei kama roho inataka, ila picha isitoke nyumbani kabla pesa haijaingia kwenye simu. Shangazi atanuna wiki nzima. Harusi ikikaribia ataagiza tena.