Kabla ya injini mpya, inua zulia

Ndugu, umesema umepata Volkswagen Beetle ya 1965, injini imekufa, na unataka kuifunga injini kubwa ya kisasa kabla ya kugusa kitu kingine. Injini iache kwanza. Ng'oa kiti cha nyuma uinue na zulia.

Magari haya huliwa na kutu kutoka chini. Betri hukaa chini ya kiti hicho, na asidi ikidondoka miaka nenda miaka rudi, sakafu ya hapo hubaki kama karatasi. Ichokoe kwa bisibisi. Ncha ikizama, bati limekwisha. Kisha pitisha sumaku ndogo kwenye vizingiti vya milango: isiponata, hapo ni puti tu (ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi), hata rangi ing'ae vipi. Vizingiti hivyo ndivyo vinavyoizuia bodi isipinde, kwa hiyo kilichooza kikatwe na kuchomelewa bati jipya. Fundi aweke kwanza vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, la sivyo milango haitafunga tena vizuri.

Injini ya zamani mimi ningeifufua: hupozwa kwa hewa, haina rejeta ya kukusumbua. Ila gari ni lako. Ukiamua kuongeza nguvu, anza na breki, maana zilizopo zilikusudiwa injini ya nguvu za farasi 40 hivi.

Mipira ya petroli badilisha yote, hata inayoonekana nzima. Na umeme wa gari la mwaka huo kwa kawaida ni volti 6, usilijaribu kwa betri ya volti 12.