Kabla Hujatuma Fedha kwa Muuzaji wa Tiketi

Mashine ya mlangoni ililia, taa ikawaka nyekundu. Kijana aliyekuwa akikagua tiketi akaniomba nijaribu tena. Nyekundu. Akatazama skrini yake, kisha akaniambia kwa upole kwamba tiketi hizo mbili zimeshatumika, wenyewe wameingia zaidi ya nusu saa iliyopita. Mdogo wangu wa kike alikuwa nyuma yangu, amevaa fulana yenye picha ya msanii aliyempenda tangu akiwa shule ya msingi. Bendi ya ufunguzi ilishaanza kupiga. Tuliisikia kupitia ukutani.

Tulipojivuta pembeni ya lango tukamkuta kijana mwingine na mchumba wake, wameshika simu, wanabishana na askari wa ukumbi. Namba za viti vyao zilikuwa zile zile zetu. Muuzaji alikuwa yule yule.

Nilimpata mtu huyo kwenye kundi la mashabiki, wiki mbili baada ya tiketi rasmi kwisha. Alikuwa na lugha nzuri, hana haraka, akanieleza kwamba anauguliwa na mzazi ndiyo maana haendi tena. Bei yake ilikuwa ile ile aliyonunulia, na hilo ndilo lililonilegeza kabisa, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumkwepa mlanguzi. Akanitumia picha ya tiketi. Nikatuma fedha.

Nimeshalifikiria tukio lile mara nyingi, na jambo moja nataka kila anayetafuta tiketi ya mkono wa pili alielewe vizuri. Tiketi ni haki ya kuingia, na haki hiyo imeandikwa kwenye mfumo wa aliyepewa kazi ya kuziuza. Picha yenye msimbo, ile alama inayosomwa na mashine ya mlangoni, ni kivuli chake tu. Aliyekutumia picha bado anayo, na anaweza kuwatumia watu hamsini wengine jioni hiyo hiyo. Atakayefika mlangoni kwanza ndiye ataingia.

Makampuni ya tiketi yanalijua hilo. Mwaka 2019 Ticketmaster ilianza kutumia tiketi ambazo msimbo wake hubadilika kila baada ya sekunde chache ndani ya programu ya simu, hivyo skrinishoti haifai kitu mlangoni. Tiketi ya namna hiyo lazima ihamishwe: mwenyewe anaitoa kwenye akaunti yake, wewe unaipokea kwenye yako, na msimbo wa kwake unakufa pale pale. Kwa mnunuzi hii ni kinga kubwa kuliko sura, maneno au kitambulisho cha muuzaji.

Kwa hiyo siku hizi, kabla hata ya kuuliza bei, nauliza: "Utanihamishia vipi?" Mwenye tiketi halisi hunijibu kwa sentensi moja, maana ameshaiona sehemu hiyo kwenye simu yake. Asiye nayo huanza hadithi. Atasema programu inamsumbua, atasema picha inatosha, atasema dada yake ndiye aliyenunua na yuko safarini. Nikifika hapo naaga.

Kuna jibu moja ambalo ni gumu kidogo, na linawachanganya wengi. Waandaaji wengine hufunga uhamishaji mpaka zibaki siku chache tamasha lifike, ili kuwabana walanguzi. Muuzaji akikuambia hivyo huenda anasema kweli. Nenda kwenye ukurasa wa waandaaji uthibitishe tarehe yenyewe. Hata ikithibitika, hiyo si sababu ya kumpa fedha leo kwa kitu ambacho hawezi kukupa leo. Mwambie utarudi siku uhamishaji utakapofunguliwa, au mpitie mahali ambapo fedha hushikiliwa na mtu wa kati mpaka tiketi ifike.

Na zipo tiketi ambazo hazihamishiki kabisa. Tamasha la Glastonbury la Uingereza huchapa picha ya mwenye tiketi juu ya tiketi yenyewe, na jina halibadilishwi. Ukimkuta mtu mtandaoni anauza tiketi ya Glastonbury, hakuna cha kujadiliana naye. Soma masharti ya tamasha lako kabla hujatafuta muuzaji: je, jina linaangaliwa mlangoni? Aliyenunua tiketi nne kwa jina lake ni lazima aingie pamoja na wenzake?

Sasa, pa kutafuta. Mimi huanzia kwa waandaaji na msanii mwenyewe, kwa sababu mara nyingi wameshataja njia moja au mbili za kuuziana tena. Oasis, bendi ya Uingereza, walipotangaza kurudi jukwaani, na tiketi zao za Uingereza na Ayalandi zikauzwa mwishoni mwa Agosti 2024, walisema wazi kwamba atakayetaka kuuza tiketi yake apitie Ticketmaster au Twickets, tovuti ya mashabiki kuuziana tiketi, kwa bei isiyozidi ile ya awali, na kwamba zitakazouzwa kwingine zinaweza kufutwa. Fikiria mtu aliyelipa mara tano ya bei, tena kwa tiketi halisi kabisa, halafu ikafutwa. Hakutapeliwa kwa maana ya kawaida, lakini na yeye angebaki nje.

Baada ya hapo ndipo huangalia tovuti kubwa za soko huria, zile ambazo kila muuzaji hujipangia bei. Nyingi zina dhamana, na dhamana ni jambo jema, ila isome. Kwa kawaida inakuahidi kurudishiwa fedha au kutafutiwa kiti kingine. Usiku wenyewe, nauli na chumba ulichokwisha kulipia havimo. Tena kwenye soko hilo wapo wanaotangaza tiketi ambazo bado hawana, wakitegemea kuzipata baadaye kwa bei ya chini. Dalili yake ni tangazo lisilotaja safu wala namba ya kiti, au lililowekwa kabla tiketi hazijaanza kuuzwa rasmi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza tena aeleze mahali kiti kilipo, bei iliyochapwa na masharti yaliyopo. Hata kama unanunua mahali pasipo na sheria hiyo, yaulize hayo matatu. Ukishapata safu na namba ya kiti, fungua ramani ya ukumbi uone kama kipo.

Angalia pia unavyofika kwenye tovuti hizo. Ukiandika jina la msanii na neno tiketi kwenye injini ya kutafutia, majibu ya juu mara nyingi ni matangazo ya kulipia, na wengi hubonyeza la kwanza wakidhani ndilo rasmi. Anzia kwenye ukurasa wa msanii au wa ukumbi, ufuate kiungo kilichopo pale.

Mtu binafsi wa mtandaoni ndiye wa mwisho kwenye orodha yangu. Wapo wakweli, tena wengi, watu walioachana na wachumba au waliopangiwa kazi siku ile. Lakini hapo ndipo matapeli wamejaa. Aprili 2024, benki ya Lloyds ya Uingereza ilikadiria kwamba mashabiki wa Taylor Swift nchini humo walikuwa wameshatapeliwa zaidi ya pauni milioni 1 kwenye tiketi za ziara ya Eras, na kwamba sehemu kubwa ya kesi zilianzia kwenye mitandao ya kijamii. Ziara hiyo ndiyo ambayo mauzo yake ya Marekani, Novemba 2022, yalimaliza tiketi zaidi ya milioni 2 kwa siku moja na bado mamilioni wakakosa. Watu waliokosa wakiwa wengi kiasi hicho, tapeli hahitaji kuwa hodari.

Ujanja mmoja unaoniumiza zaidi ni wa akaunti zilizotekwa. Tangazo linatoka kwa mtu unayemfahamu, jina lake, picha zake za miaka yote, na anaandika "nina tiketi mbili, nauza." Ndani ya akaunti yuko mtu mwingine. Mpigie simu mwenyewe, usikie sauti yake. Akiwa rafiki kweli hataudhika.

Mwingine ni barua pepe ya uongo. Mmekubaliana, umelipa nusu, na dakika chache baadaye unapokea ujumbe wenye nembo ya kampuni ya tiketi ukisema uhamisho umekamilika, bonyeza hapa. Usibonyeze. Fungua programu yenyewe kwa mkono wako, uingie kwenye akaunti yako. Tiketi ikiwepo utaiona imekaa pale. Isipokuwepo, ujumbe ule ni karatasi tu.

Kuhusu malipo nina msimamo mkali. Lipa kwa kadi ya benki, kwa njia ambayo unaweza kuiomba benki ibatilishe malipo usipopata ulichonunua. Ukitumia PayPal, tumia njia ya kulipia bidhaa. Ile ya kutumiana fedha kati ya ndugu na marafiki haina ulinzi wa mnunuzi, na ndiyo ambayo matapeli huipigania kwa maneno matamu: "tuma kama rafiki ili tukwepe makato." Makato hayo mimi huyabeba mwenyewe, nikamwambia muuzaji hivyo, na majibu yake hunitosha kujua ni mtu wa namna gani. Kutuma fedha taslimu, sarafu za kidijitali au kadi za zawadi, hapana.

Ukiweza kuvumilia, subiri. Jukwaa likishajengwa, waandaaji huona viti walivyokuwa wamevizuia kwa ajili ya mitambo au kwa hofu kwamba watakaovikalia hawataona vizuri, na huviachia, wakati mwingine siku moja kabla, wakati mwingine asubuhi ya tamasha. Walanguzi nao huanza kushusha bei, maana kesho tiketi zao hazitakuwa na thamani yoyote. Mdogo wangu alimwona msanii wake mwaka uliofuata kwa njia hii: niliingia kwenye ukurasa rasmi asubuhi na jioni kwa siku tisa, na viti viwili vya pembeni ya jukwaa vikatokea siku mbili kabla ya onyesho. Ukishapata, usiweke picha ya tiketi mtandaoni. Msimbo usiobadilika unaweza kunakiliwa kwenye picha hiyo.

Na ikiwa umeshatapeliwa, usipoteze saa za kwanza kumbembeleza muuzaji kama nilivyofanya mimi. Ipigie benki kwanza, siku hiyo hiyo. Hifadhi mazungumzo yote kabla hajayafuta: jina la akaunti, namba aliyopokelea fedha, picha aliyokutumia. Ripoti polisi na kwenye mtandao mlikokutana, ili tangazo lishuke kabla mwingine hajaliona. Waandikie waandaaji ukiwatajia namba za viti, maana tiketi ile ile huenda bado inauzwa.

Halafu kaa macho kwa wiki kadhaa. Niliandika kilio changu kwenye lile kundi la mashabiki, na siku ya nne nikapata ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiita mtaalamu wa kurejesha fedha zilizoibwa. Alijua kiasi nilichopoteza kwa sababu mimi mwenyewe nilikiandika pale. Alitaka ada ndogo ya kuanzia.